Dereva Aliyekataa Kulima

Shingo yake ilikuwa imekaa upande. Haukuwa ugonjwa, ilikuwa ni kazi. Mtu anayelima kwa trekta hatazami mbele tu. Kila mara hugeuka kuiangalia plau iliyo nyuma yake, kama inazama sawasawa, kama haijanasa visiki, kama mstari haujapinda. Yeye aligeukia kulia tangu ujana wake, na mwisho shingo ikazoea. Hata akiwa ameketi barazani na kikombe cha kahawa, ungedhani kuna kitu nyuma ya bega lake anachokichunga.

Sisi wa Mtongwe, huku Likoni, tulimwita Dereva. Madereva walikuwa tele, wa malori ya bandarini, wa mabasi, wa magari ya ofisi, lakini ukisema Dereva bila kuongeza neno kila mtu alijua umemkusudia nani. Ni yule mwenye trekta iliyokuwa nyekundu zamani, ambayo sasa rangi yake ilikuwa vigumu kuitenganisha na kutu, na ambayo aliiosha kila Alhamisi jioni kwa ndoo na kitambaa. Ukimuuliza mbona aiosha trekta ambayo kesho kutwa itaingia tena matopeni, alijibu, "Kesho ni Ijumaa. Nayo ina haki yake."

Alikuwa na majivuno, na sioni sababu ya kuyaficha. Akimaliza kulima mstari wa kwanza wa shamba lolote, alizima mashine, akateremka, akamwita mtu aliye karibu aje achungulie kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. "Njoo utazame! Ukiona nyoka, nivue kofia." Mstari ulikuwa umenyooka kweli. Baba yangu, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, hakumpa raha hata siku moja.

"Mahindi hayasomi mstari, yakhe."

"Mahindi hayasomi, lakini jirani asoma."

"Jirani ndiye atakayekula?"

"Jirani ndiye atakayesema."

Na hapo alikuwa sahihi, maana kwetu jirani alisema. Shamba zuri lilikuwa shamba safi. Kabla ya masika watu walifyeka, wakakusanya majani na mabua ya msimu uliopita, wakayachoma. Moshi ulisimama juu ya Mtongwe na mtaa jirani wa Shika Adabu mpaka macho yakawasha. Kisha Dereva akapita na plau akaupindua udongo, na siku ya pili akapita na haro kuvunja mabonge. Lilibaki shamba laini kama unga, halina hata ubua mmoja juu yake, na mwenyewe akasimama kando mikono kiunoni akapokea salamu za wapita njia. Shamba lenye takataka lilisema mambo mawili tu: ama mwenyewe ni mvivu, ama halina mwenyewe. Hilo la pili si la kuchezea. Huku kwetu mashamba mengi hayakuwa na hati, na wazee wakikaa kuamua ugomvi wa ardhi, swali lao la kwanza lilikuwa: "Nani hulisafisha?"

Shamba letu lilikuwa la baba kwa jina na la mama kwa mikono. Baba alikuwa karani wa bohari Changamwe, akilima jioni na siku za mapumziko. Mama ndiye aliyejua kila pembe yake: wapi pana udongo mwekundu, wapi pameingia mchanga, wapi chini kwenye bonde magugu ya ndago hayafi hata uyang'oe vipi. Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kusema udongo umechoka. Nakumbuka alivyolisema, amechutama, ameshika jani la hindi lililoanza kuwa manjano kutoka ncha kuingia ndani. Mvua ikinyesha maji yalituama, kisha yakatafuta njia, yakateremka barabarani mekundu kama chai.

Dereva alipoelezwa, dawa yake ilikuwa moja. "Nitapita mara ya tatu." Akapita mara ya tatu. Mwaka uliofuata mahindi yakawa mafupi zaidi.

Alikuwa na misemo, mingi yake ameitunga mwenyewe akiwa juu ya kiti kile cha chuma, maana nani wa kuzungumza naye kule juu? "Udongo hausemi, hununa." "Mwenye haraka na alime sahani ya wali." Mingine haikuwa na maana hata kidogo, lakini aliitoa kwa sauti ya mtu aliyehiji, na watoto wakaikariri. Kuhusu mpira hakuwahi kuwa sahihi. Kuhusu siasa alibadilika kila upepo ulivyobadilika. Kuhusu usafi alikuwa imara: hakuketi kwenye benchi kabla ya kulipangusa kwa leso, na uani kwake hungeokota jani. Hayo nayaandika ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyekuja kutuachia shamba limejaa takataka.

Baba alifariki ghafla, mwisho wa kaskazi, wakati watu wanaanza kufyeka. Wazee wetu huzikwa kwenye pembe ya shamba, na pembe ile ilikuwa imejaa. Ikabidi kaburi lisogezwe mbele kidogo, liingie kwenye ardhi iliyolimwa miaka yote. Wanaume wa mtaa ndio huchimba, na rafiki wa marehemu hashindwi na mtu kuingia shimoni kwanza. Dereva alivua shati akaingia.

Nilikuwa nimesimama juu. Udongo wa kwanza ulitoka kwa urahisi, mwepesi, mkavu. Kisha jembe likadunda. Akapiga tena, likadunda tena, na ule mlio haukuwa wa udongo, ulikuwa wa sakafu. Mtu akasema ni jiwe. Si jiwe. Ikaletwa sururu, wakapokezana, na lile tabaka likatoka mabamba mabamba kama kigae. Chini yake, jambo la ajabu: udongo mwororo, baridi, una unyevu wake, mweusi kuliko wa juu. Dereva aliwaambia wenzake wangoje. Alipitisha kiganja ukutani mwa shimo, pale plau yake ilipokuwa ikiishia kila mwaka. Mizizi ya mahindi ya zamani ilikuwa imeshuka mpaka pale, ikakuta mlango umefungwa, ikapinda ikatambaa kwa ubavu. Haukuwa umepita hata mmoja.

Alitoka shimoni macho yamejaa maji. Watu wakampa mkono, wakasema hakika walipendana. Miaka baadaye aliniambia, "Nilimlilia babako, wallahi. Lakini palikuwa na kilio cha pili. Maji yalikuwa chini pale pale, na mimi ndiye niliyeyajengea kifuniko."

Mama akaingia eda. Miezi ile minne na ushei mjane hatoki, na masika hayamngoji mtu. Mimi nilikuwa nimeanza kazi Changamwe, lakini siku zile nilirudi kulala nyumbani, na wageni wa kiume waliokuja na jambo walisema nikiwa mlangoni, mama yuko nyuma ya pazia na shangazi yangu kando yake. Hivyo ndivyo nilivyoyasikia haya kwa masikio yangu.

"Shemeji, pole tena."

"Tumeshapoa. Walima lini?"

"Silimi."

Pazia halikutikisika. "Trekta imeharibika?"

"La. Nzima."

"Wewe mgonjwa?"

"Alhamdulillahi, mzima."

"Basi ni kwa kuwa aliyekuwa akikuita hayupo."

"Shemeji, usiseme hivyo. Ile plau ndiyo inayoliua shamba. Nataka nisilipindue mwaka huu. Wala msichome. Niachieni mimi."

"Nikuachie wewe," mama alisema, na shangazi akakohoa kikohozi cha mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

Dereva aliichukua kama ruhusa. Haikuwa ruhusa.

Alivuka feri akaenda Changamwe kwa wauza vipuri vya malori, akanunua vipande vya springi kuukuu, akampelekea fundi wa kuchomelea. Wakatengeneza meno marefu, membamba, ya kufunga mahali pa zile sahani za chuma za plau. Siku alipoingia shambani, mtaa mzima ulitoka kutazama. Meno yale hayakupindua kitu. Yalichana tu: mstari mmoja mwembamba unaozama chini sana, kisha nafasi pana isiyoguswa, kisha mstari mwingine. Mabua na majani makavu yalibaki yamelala pale pale. Trekta ililia kwa uzito wa lile tabaka kama inayovuta nyumba. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza, hakumwita mtu kuchungulia.

Ami yangu, mdogo wa baba, alikuja jioni ile. Alisimama akatazama kwa muda.

"Huku kumelimwa ama kumepita kuku?"

"Kumelimwa," Dereva alijibu.

"Na hizi taka?"

"Ni blanketi."

"Blanketi!" Ami aliwageukia watu. "Jamani, shamba la ndugu yangu laumwa homa!"

Watu walicheka, na kicheko kile kilimfikia mama ndani. Ami hakuwa mtu mbaya. Lakini huku Likoni viwanja vilikuwa vimeanza kutafutwa, watu wa bara waliofanya kazi bandarini na viwandani walitaka pa kujenga, na shamba la marehemu lililo chafu, mjane wake ndani, lilikuwa kama mlango ulioachwa wazi. Mama alilijua hilo kuliko sote. Alinambia usiku nimpelekee Dereva ujumbe wa neno moja: "Umenivua nguo." Nilifanya hesabu ya maneno, yalikuwa mawili, sikumrekebisha. Dereva aliupokea ameinamisha ile shingo yake, akasema "Haya," basi.

Mambo yakazidi kuharibika kabla hayajatengenea. Mahindi yaliota vizuri kwenye ile mistari, kisha yakiwa magotini yakawa manjano, yote, kuliko mwaka wowote. Mashamba ya jirani, yaliyochomwa na kupinduliwa, yalikuwa ya kijani kibichi. Ami akaitisha kikao cha ukoo. Maneno yake yalikuwa ya upole, na hayo ndiyo huogopesha: shamba limekufa, shemeji yetu hana nguvu, bora ligawanywe viwanja, yeye apewe sehemu yake ajenge chumba cha kupangisha astarehe. Wazee wawili walitikisa kichwa kukubali.

Dereva hakuwa wa ukoo ule na hakualikwa. Alikuja. Alipiga hodi, akavua kofia, akabaki amesimama.

"Lile ni kosa langu, si la mwenye shamba. Yeye hakuniagiza. Yuko ndani, amefungwa mikono, nami nikaamua juu yake. Basi msilihukumu shamba kwa kosa la dereva. Lipeni muda mpaka mavuno. Likishindwa, nitalilima mwenyewe kama zamani, na kila mwaka, mpaka nife, bila kudai."

"Na likishindwa kabisa?" Ami aliuliza.

"Hapo nitakuwa nimeshakuwa kichekesho. Wewe utakuwa umepungukiwa na nini?"

Mzee mmoja akacheka, na kucheka kule ndiko kulikonunua ule muda.

Dereva alikwenda kwa bwana shamba wa serikali, kijana mpole aliyekuwa na pikipiki na eneo kubwa mno. Huyo ndiye aliyemweleza asilolijua: kwamba mabua makavu yakianza kuoza ardhini hula kwanza kile chakula ambacho mahindi yangekila, na hukirudisha baadaye sana, kwamba majivu ya kuchoma hutoa chakula chote mara moja, mmea ukanawiri, kisha mvua ikakichukua. Aliyeacha mabua mwaka wa kwanza bila samadi amekaribisha wageni bila kupika. Dereva aliupenda mfano huo hata akaanza kuutoa kama wake.

Akabeba samadi ya mbuzi kwa tela, akaitia shinani kwa mkono, yeye mtu wa kupangusa mabenchi. Akapanda kunde katikati ya mistari. Wiki zile alinuka zizi hata msikitini walimwachia nafasi pana kwenye safu.

Kisha mvua ikakatika. Masika huwa na pumziko lake, lakini lile lilikuwa refu. Mashamba laini kama unga yalipasuka. Ilipofika saa nne asubuhi mahindi ya jirani yalikuwa yameshajikunja majani, yamesimama kama miavuli iliyofungwa. Yetu yalijikunja pia, sitatia chumvi, lakini yalingoja mpaka baada ya adhuhuri, na jioni yakafunguka. Ukiinua zile taka, chini yake palikuwa na ubichi. Nyungunyungu walikuwa wamerudi. Mizizi ilikuwa imeupata ule mwanya wa meno ikateremka kwenye udongo baridi.

Mavuno hayakuwa ya kusimuliwa mbali. Yalitosha. Ami alikuja akala mahindi ya kuchemsha, akasifu chumvi, akazungumza habari za timu. Neno viwanja halikumtoka mwaka ule.

Napenda ningeandika kwamba mtaa mzima ulimfuata Dereva. Haukumfuata. Jirani wa mashariki alijaribu kwenye shamba lake la mchanga mtupu, lisilo na tabaka gumu la kuvunja, akaacha nyasi, na ndago zikamla mzimamzima. Akamtukana Dereva mbele ya duka la unga. Wengine walimwita mwenye trekta mwenzake wa Shika Adabu, anayepindua. Na mtu akija kumwita yeye akalime, alimshawishi asilimiwe, na mkewe akawa anauliza watakula ushawishi? Mwisho trekta ikawa inavuta tela la matofali na mchanga, kwenda kujenga nyumba juu ya mashamba yale yale aliyokuwa akiyalima. Alilijua hilo. "Nilianza kwa kuyachosha," alisema, "nikayabembeleza, sasa nayazika." Na uani kwake, yule mhubiri wa blanketi, aliendelea kufagia na kuchoma kila jani, kwa sababu, alisema, nyumba si shamba.

Na mama? Mama alipotoka edani alikwenda moja kwa moja shambani. Alizunguka kila mstari, akainua majani, akanusa udongo. Msimu uliofuata hakuchoma. Hakuchoma tena kamwe. Akaongeza mambo yake: akapanda mbaazi pembezoni, akaacha majani yake yadondoke, akahamisha kunde kila msimu, akajua bila kuambiwa wapi pa kuchana na wapi pa kuacha. Dereva alikuwa akipita barabarani na tela lake la mchanga, anapunguza mwendo, anatazama mama alivyofanya, halafu namsikia mahali akiwafundisha watu yale yale.

Lakini mama hakumsemesha Dereva. Akipiga hodi alijibiwa na mwingine. Akitoa salamu njiani, mama aliitikia salamu kwa kuwa kuitikia ni wajibu, na hapo hapo akageuza uso. Niliwahi kumuuliza: shamba si ni lako leo kwa sababu yake?

"Ni langu leo," alisema. "Siku ile lilikuwa la nani? Aliniuliza?"

Niliona kwamba hakuwa anazungumzia mabua hata kidogo. Ami alitaka kuamua juu yake kwa kuligawa, Dereva aliamua juu yake kwa kuliokoa, na nyuma ya pazia yale mawili yalikuwa na sauti moja.

Mara ya mwisho niliyowaona pamoja ni masika haya yaliyopita. Shamba letu sasa limezungukwa na kuta za nyumba za kupangisha pande tatu, na upande wa nne kuna barabara mpya yenye vumbi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Dereva alikuja kwa miguu. Trekta alikuwa ameiuza kwa mtu wa Miritini, na mgongo wake, baada ya miaka ya kutikiswa, ulimfanya atembee kama aliyebeba gunia lisiloonekana. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mbegu. Dereva alisimama mbali, kwenye mpaka, hakuingia.

"Hodi hapa, shemeji."

Mama aliendelea kuchambua. Nilidhani nitaitika mimi, nikafungua mdomo, akaninyoshea kidole ninyamaze.

"Karibu," alisema.

Dereva alikohoa. "Nimekuja na swali. Limechelewa, najua."

"Liseme."

"Mwaka huu wataka shamba lifanywe nini?"

Mama aliweka chini ungo. Alilitazama shamba kuanzia mbaazi mpaka bondeni, polepole, bila haraka hata chembe, na mzee yule alisimama akangoja, kofia mkononi, tone la kwanza la mvua likampata kwenye kipara.

"Huku juu kuchanwe," alisema. "Pale chini penye ndago nataka palimwe. Papinduliwe kwa jembe, papigwe jua, mizizi ife. Mara moja tu. Baadaye nitapafunika."

Nilimwona Dereva akivuta pumzi. Nilijua yote aliyokuwa nayo ya kusema juu ya kupindua udongo, maana nimeyasikia kwa miaka. Midomo yake ilifunguka, ikafumba.

"Kwa jembe," alisema.

"Kwa jembe."

"Taibu, shemeji." Akavaa kofia. "Na nani wataka apalime?"

Mama aliurudia ungo wake. "Kijana wa jirani. Wewe njoo uketi hapa kivulini, mvua hii itakulowesha."